Majina Puani

Kabla ya ndege nilikuwa mtu wa mitumbwi.
Pale mwaloni Kirumba, brashi mbili na kopo,
niliandika DENI LA MAMA, niliandika NISAMEHE BUKOBA,
hadi Kapteni Rwechungura wa Shirika la Ziwani
aliposhuka mchangani na viatu vya kung'aa
akauliza: chuma unakiweza?

Ya kwanza ilikuwa NINGU.
Jeti kuukuu, viti themanini, mkono wa tatu.
Chini ya rangi nyeupe niliona herufi za watu wengine
zikichungulia kama mbavu.
Ilikohoa ikiruka, ikakohoa ikitua,
haikulala njiani.

Ya pili FURU, ndogo, injini mkiani,
tuliyoipenda bila sababu.
Bibi wa Kayenze alipanda na kuku ndani ya kanga
akashuka Entebe na kuku na yai.
Asubuhi moja ikameza kongoti;
fundi Masalu alichomoa manyoya kwenye pangaboi siku nne,
moja moja, akiyahesabu daftarini,
maana bima ni bima.

Ya tatu SATO. Hiyo haina kisa.
Ilifanya kazi.

Kisha SANGARA.
Mpya ya kiwandani, ndefu hata nikaunga ngazi mbili,
na mkopo wake mrefu kuliko mbawa.
Nikasema: Kapteni, hilo jina sisi wa ziwani tunalijua.
Akacheka. Akasema andika kubwa.
Nikaandika kubwa.

Mwaka haukuisha, Ningu ikafunguliwa kuilisha Sangara:
leo pampu, kesho redio,
mpaka likabaki ganda nyasini
na mbuzi wakijikinga jua chini ya bawa.
Furu iliuzwa kwa mtu asiyesema anaipeleka wapi.
Sato ikalipa riba, ikalipa riba,
ikaishia ribani.
Na Sangara, ilipokosa cha kula,
wenye mkopo waliifuata usiku na karatasi zao.
Ilipita juu ya ziwa
bila dirisha hata moja lenye taa.

Nimerudi mwaloni. Mikono inatetemeka kidogo,
lakini mbao husamehe kuliko bati.
Juzi kijana wa Igombe kaniletea mtumbwi mpya,
bado unanuka msumeno. Jina?
Akasema, mzee, andika FURU,
wameanza kurudi kwenye nyavu zangu.

Rangi sikumtoza.