Ukungu wa Dakika Tisa

Nimetoka Keko na vumbi la mninga kwenye nyusi.
Sista Namsifu ananiamuru ninawe tena,
kisha ananikabidhi mrija wa plastiki:
"Bana kwa midomo, usiume.
Vuta kama unavyovuta hewa ya kawaida."

Hewa ya kawaida!
Mimi fundi makochi, hewa yangu ina msasa na vanishi;
ile ya kawaida niliiacha Maneromango.

Mashine inanguruma kama friji kuukuu.
Ukungu unaingia. Huenda ni chanjo,
huenda ni maji ya chumvi tu.
Sijui, na Sista hajui, na daktari hajui.
Nilitia sahihi nikijua kwamba sitajua.

Chanjo ya kwanza nilipigwa begani ningali mchanga;
kovu lipo, kifungo kilichoshonwa vibaya.
"Ile ililinda mlango wa uani," asema Dokta Mwakalukwa.
"Sasa twataka kuona
kama walinzi watakubali kulala barazani,
huku anakoingilia mwizi."

Siku ya kumi na nne wakaja kuchota.
Ganzi kooni, mpira mwembamba puani,
maji yakamiminwa pafuni, yakavutwa:
mapovu, na weupe wa tui la pili.
Dokta akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.
"Humu," akasema, "tunawatafuta wanaokumbuka."

Wanaokumbuka.
Nilitaka kumuuliza kama wanamkumbuka Siwazuri,
dada yangu, aliyekoholea ndani ya kanga
usiku, ili tusisikie.
Tulisikia.
Tukasema ni vumbi.
Miezi mitatu tulisema ni vumbi.

Lakini ulimi ulikuwa kipande cha sponji.
Saa mbili bila hata funda la maji,
nauli mkononi, tarehe nyingine kwenye kadi.

Kesho yake nikapasua kochi la mteja wa Kurasini.
Chini kabisa, penye magunia na misumari ya kutu,
nikakuta kijiko cha dawa,
sarafu ya mia mbili,
jino la mtoto.
Nilipompigia simu mwenyewe alicheka:
hakuna mtoto nyumbani kwake, alilinunua mnadani.

Nikakohoa. Mara moja tu.
Hamdu, kijana wangu wa kazi, akaacha nyundo, akanitazama.
"Vumb—" nikaanza,
nikaliacha hapo.