Saa Moja ya Jumanne

Apondi ana daftari la hesabu, lile la miraba,
alilonunua Kibuye,
na ndani yake majina thelathini na moja.
Kumi na tisa yamepigwa mstari:
hao ndio waliosema, "Nitakupigia."

Mimi nilikuwa wa ishirini.

"Sitaki pesa zako," aliniambia
mlangoni pa ofisi yetu ya maji, viatu vina tope la Obunga.
"Pesa ningeziomba kwa barua.
Nataka saa moja ya Jumanne."

Nikamweleza habari za mabomba,
mita zinazosoma kinyumenyume, mtoto wangu mwenye pumu.
Kiswahili changu cha kukataa ni fasaha sana.

Akanyoosha simu.
Msichana wa Mbale, kule Vihiga, aitwaye Khayesi,
anaandika msimbo kwenye meza ya cherehani ya shangazi yake;
mteja akiingia, anaifunika laptopu kwa kitenge.
Ameona kosa katika programu huria
inayohesabu chanjo za watoto zahanati:
aliyezaliwa Februari ishirini na tisa
mwaka ukigeuka haonekani tena.
Hana siku, hana sindano.
Amelirekebisha. Mistari mitatu tu.
Ameituma na neno la adabu: "Naomba mnisahihishe."

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya nane, kimya.
Siku ya ishirini na tatu akaandika tena:
"Samahani kama nimekosea mlango."

Hapo ndipo nilipokamatika.
Maana nami zamani, Nyalenda,
kibandani, intaneti shilingi moja kwa dakika,
nilibisha mlango kama huo,
na mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua,
akajibu: "Mstari wa arobaini,
umesahau kufunga mabano. Jaribu tena. Niko."
Niko.
Neno la silabi mbili,
na ndilo linalonilisha mwaka huu wa kumi na nne.

Nikamwambia Apondi, haya, andika.
Hakushangilia. Alifungua kalamu kwa meno,
akatia alama, akachungulia nyuma yangu:
"Na yule wa dawati la pili, anaitwa nani?"

Jumanne ya kwanza stima ilipotea Mbale.
Ya pili, mvua ya saa kumi ilishukia mabati
mpaka sauti yake ikawa mchele unaopepetwa.
Ya tatu tukaonana. Nilikuwa nimejiandaa kufundisha.
Akauliza jambo dogo, juu ya matawi mawili
yanayogombania faili moja,
nami, mhandisi, kitambulisho shingoni,
nikasema, "Sijui."

Cherehani ikanguruma kidogo, ikanyamaza.
"Kumbe hata nyinyi hamjui?"
"Mara nyingi."
Nikasikia kiti kikivutwa karibu.
"Basi tutafute."

Mistari mitatu ilipokelewa wiki ya mtihani wa wadogo zake.
Hakuna aliyepiga kigelegele.
Mahali fulani mtoto wa Februari amerudi orodhani;
atadungwa, atalia kama wenzake.

Apondi sasa ana wanane.
Vijana wanaosubiri ni arobaini na watatu,
na daftari limeanza kuachia kurasa.

Jana usiku Khayesi aliniandikia:
kuna mvulana wa Chavakali ametuma kazi yake,
siku ya pili sasa, hajajibiwa.
"Nimjibu? Mimi mwenyewe bado sijui mengi."
Nikawa natafuta maneno ya busara,
nafuta, naandika, nafuta,
ujumbe wake wa pili ukaingia:

"Usijali. Nimeshamjibu."