Kibao Kisicho na Jina

Waraka ulisema: serikali hiyo hatuitambui.
Mstari wa pili: kampokee uwanja wa ndege, saa moja na robo.
Nikasimama na kibao cheupe, hakina jina,
upepo wa Agosti ukikipigapiga kama mlango wa jirani,
na nilimtambua mara moja.
Koti lake lilikuwa la mtu mnene kuliko yeye.

Njia nzima hadi Mtumba nilitafuta neno.
Mheshimiwa? Hilo lina muhuri.
Bwana? Limepoa.
Nikaokota ndugu, la mikutano ya zamani;
mkalimani akaligeuzageuza
likamfikia limechakaa. Akatabasamu hata hivyo.

Mezani karanga, juisi ya zabibu,
bendera moja.
Kwenye kishikio cha pili Bi Ndalu wa usafi
alichomeka ua la karatasi;
Mkurugenzi akaling'oa, akakosa pa kuliweka,
akalitia mfukoni.
Picha hakuna. Mikono walipeana mlangoni,
pazia limeshushwa.

Wale wenye ndege kubwa waliondoka kwao usiku mmoja,
wakaacha taa za uwanja zinawaka
na wauguzi wetu kumi na mmoja,
mmoja wao Semeni Chilongani wa Kongwa
ambaye mama yake hunipigia kila Jumanne.

Karatasi ilizunguka meza mara saba.
Haina nembo. Haina tarehe.
"Upande huu", "upande mwingine",
kama watu wanaogawana kitanda.
Alipofika penye sahihi alishika kalamu, akakaa nayo.
Nikiandika jina langu, mtalisoma?
Mkurugenzi akatazama feni.
Mkalimani akasubiri cha kutafsiri.

Akaandika. Wino ulikuwa wetu.

Jioni, Ihumwa, ng'ombe wakatuziba barabara.
Alishusha kioo, akapiga mluzi, mfupi, wa chini,
na dume la mbele likasimama,
likamgeuzia kichwa.
Hakusema kitu. Nami sikuandika hilo kwenye ripoti.

Usiku simu ikalia, na haikuwa Jumanne.
Wamesema nini?
Kina nani, mama?
Hao mnaosema hamwajui.
Nikamwambia: wamesema Alhamisi.
Nilisikia akiita watu ndani, sufuria ikianguka, mtoto akicheka,
kisha akarudi kwenye simu, sauti imeshuka:

Alhamisi ipi, mwanangu?