Matone Ishirini na Manne

Matone ishirini na manne.
Nimeyahesabu kwa sauti, peke yangu uani,
kama mtu anayehesabu deni la mwenzake,
hadi kijani cha kichupani kikakubali kuwa chekundu.
Nikampigia Ginés hospitalini, Cartagena.
Miaka tisa hatukusemezana, tangu shamba la lozi la mama,
na neno langu la kwanza kwake likawa: "Ishirini na nne."
Akanyamaza. Kisha:
"Mara kumi. Alkali mia mbili na arobaini.
Uliacha bomba la kisima wazi?"
Hakunijulia hali, nami sikumuuliza mguu.

Maji ya kisima cha Molina hupita katikati ya mawe ya chokaa
na hakuna jiwe linaloyaacha yaende mikono mitupu.
Bwawa la kaka yangu lilikuwa limefifia
kama jicho lenye mtoto wa jicho.
Vigae vimeota ndevu nyeupe.
Ukichovya vidole, vinateleza
kana kwamba mtu alikuja usiku akayeyusha magadi.

"Vaa glavu. Vaa miwani, si hiyo ya kusomea.
Tia maji kwenye ndoo kwanza, asidi baadaye.
Maji ndiyo mwenyeji, Fuensanta, asidi ni mgeni;
ukigeuza, watakurukia usoni.
Na upepo uwe mgongoni mwako.
Klorini iko wapi?"
Kabatini.
"Na asidi?"
Kabati hilohilo.
Nilisikia kitanda chake kikilia.
"Zitenganishe leo hii. Hao hawalali nyumba moja."
Nilitaka kusema: kama sisi.
Nikasema: "Haya."

Lita moja kwa siku, hata mkono ukiwasha kuongeza.
Mimi nimekata magauni ya maharusi miaka thelathini na mmoja,
najua kitambaa kilichopunguzwa hakirudi.
Nikamimina kidogokidogo, nikizunguka upande wa kina,
pampu ikivuma, harufu ikinikwaruza pua,
na nje ya geti Nayara wa jirani, taulo shingoni,
akiniita mchawi.

Ishirini na mbili.
Ishirini.
Kumi na tisa.
Jumanne sikupiga simu. Akapiga yeye:
"Ngapi?"
Kumi na saba, nikamwambia, na mvua haijanyesha,
na paka wake anakula kwangu.
"Paka sikukuuliza," akasema,
lakini hakukata.

Siku ya tisa, alkali kumi na moja.
Nikafurahi, nikapima na pH,
maji yakanigeukia manjano kichupani.
"Nimeharibu. Imeshuka nayo, imefika saba."
"Hujaharibu. Asidi haichagui,
ikishusha mmoja humburuta na mwenzake.
Sasa usitie kitu. Usitie soda, utarudi ulikotoka.
Geuza midomo ya mabomba itazame juu,
maji yaruke, yapige kelele, yapumue.
Hewa itapandisha pH peke yake,
alkali ibaki pale ulipoiacha."
"Hewa tu?"
"Kuna gesi imejifungia humo. Inataka kutoka."

Siku mbili na usiku wake bwawa lilipayuka.
Majirani walifunga madirisha.
Mimi nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki kilichopasuka,
nikisikiliza maji yakitapika yaliyomezwa kimyakimya
tangu sijui lini.

Siku ya tatu kichupa kikawa na rangi ya tikiti lililoiva:
saba nukta nne.
Niliona skrubu iliyozama chini kabisa,
na kutu yake.
Nikafungua geti.
Nayara akajirusha na soksi zake.

Nikainyoosha simu juu ya maji
ili Ginés asikie mtoto anavyoyapiga.
Hakusema vizuri. Hakusema asante.
"Mguu?" nikamuuliza.
"Unauma," akasema,
akaanzia pale ngazi ilipoteleza,
akapitia daktari asiyejua kutabasamu,
akarudi nyuma hadi shamba la lozi,
akasita hapo, akapita.
Jua likazama. Nilikuwa bado nimeshika kichupa,
sijakisuuza.