Dirisha la Tatu

Kitabu cha risiti ni kipya, bado kinanukia gundi.
Nyeupe ni ya mlipaji, ya waridi ni ya faili,
ya manjano haitoki kitabuni.
Naweka kaboni, naikandamiza kalamu
mpaka jina la Bwana Zanella litoke mara tatu:
vyumba arubaini vya wageni, Casuarina,
mabwawa mawili ya kuogelea,
ada ya makazi nafuu, kwa kila mita ya mraba.

Anauliza, "Na bwawa nalo linapimwa?"
Linapimwa, bwana. Hata maji yana sakafu.

Amekuja na wakili, wakili amekuja na kikokotoo.
Wanataka wapunguziwe: walijenga choo cha shule Mayungu,
walipanda mivinje, wameajiri.
Au walipe kwa shamba, ekari mbili nyuma ya Ganda,
ambako bomba la maji halijafika
na bodaboda hutaja mia mbili kabla hajawasha pikipiki.
"Watu watakaa," asema wakili. "Watu hukaa popote."

Watu.
Nyevu, anayefua mashuka ya hoteli, analala Muyeye
chumba kimoja, yeye na wanawe watatu na pipa la maji.
Tsuma aliyezipiga lipu kuta za huyu huyu bwana
kahama Maweni mara mbili ndani ya miezi kumi,
maana mwenye nyumba naye kapata mnunuzi.
Na mimi: elfu tano, tangu Januari elfu saba,
na makuti yanayovuja juu ya mto wangu wa kulalia,
pale pale, kana kwamba yamepimiwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu yuko mwaka wa kumi na tatu na jembe hatukumpa.
Tulimpa ufuo. Tulimpa na njia ya kuufikia ufuo.
Tukang'oa vibanda vya mahamri ili aione bahari vizuri.
Leo ndiyo kwanza nampa kitu cha kushika:
risiti.

"Nitamwongezea mnunuzi," aniambia akitia sahihi.
"Mnadhani mimi ndiye nitakayeumia?"
Sikumjibu. Dirisha langu lina tundu dogo,
pesa hupita, maneno hukwama.
Jioni nilimsimulia Tsuma, akacheka hadi akaweka mwiko chini.
"Dada, mzigo siku zote hutushukia sisi.
Saruji ikipanda bei, sembe nayo inapanda.
Acha safari hii upande ngazi, ukawajue wenye lifti."

Mimi sina hakika.
Miaka kumi na moja kaunti imenifundisha kwamba pesa nazo hulala:
huingia kwenye akaunti, zikajifunika shuka gubigubi.
Nimeona ubao wa mradi ukiliwa na mchwa
kabla ya mradi kuchimbiwa msingi.
Kuna faili la soko nililipokea likiwa jembamba
nami nikiwa sijaolewa;
sasa nimeachika, nalo linafungwa kwa kamba.

Lakini mchana ule, wenzangu wakiwa wameenda kula,
nilikosea risiti namba nne. Niliandika Zanela, "l" moja.
Nikaigeuza. Nikapiga hesabu:
ada ya bwawa dogo peke yake
ni chumba kimoja, sebule, na nusu ya ukuta wa jikoni.
Nikachora.
Dirisha likitazamana na dirisha, upepo upate pa kutokea.
Jiko wanaloweza kusimama watu wawili
bila kuombana radhi.
Bafu ndani, mlango unaofungwa.
Paa sikulichora, niliandika tu: mabati, na dari, tafadhali.

Risiti iliyoharibika haitupwi.
Ndiyo sheria: hupigwa mistari miwili, huandikwa BATILI,
hubanwa na pini mahali pake kitabuni.
Nimeipiga mistari. Nimeibana.

Mkaguzi akija mwezi wa Juni,
akifungua tatu, akitafuta tano,
atakutana na nyumba.