Amri Tatu, Soroti

Nimepanga visanduku kwenye skrini,
nikaviunga kwa nyaya zisizo na shaba.
Kwelea mia tatu, kila mmoja nukta,
na kila nukta nimeipa amri tatu:
usimgonge jirani,
elekea waelekeako wenzio,
usibaki peke yako.
Kuimba sikuwafundisha.

Arukaye juu, sauti yake nyembamba.
Wakisongamana, spika inanguruma;
wakitawanyika, unabaki mchakacho tu,
mtama ukipepetwa kwenye ungo.

Umeme hakuna tangu jana.
Betri, asilimia kumi na moja.
Nje, mwamba wa Soroti haujapata jua.
Nikaongeza nukta moja kubwa: mwewe.

Kundi likapasuka. Sauti nayo
ikapasuka, ikajikunja, ikapanda,
ikarudi nzima juu ya bati —
mlango ukasukumwa.

Mama, kitenge kimefungwa kombo,
debe bovu mkononi,
akaligonga mara mbili kabla hajaniona.
"Asekenye! Wameshukia upande gani?"

Nikamgeuzia kompyuta.
Akainama, akawatazama wakizunguka,
debe bado kaliinua.

"Na hawa," akauliza, "wanakula nini?"

Betri ilikuwa imefika tisa.