Tumba Huliwa Bichi

Mama aliniambia: usihangaike na mbegu.
Mbegu ya kantan ni ya ndege, binadamu hana umri huo.
Nenda kwenye kichaka cha mtu unayemjua,
chimba pembeni, kata kipande chenye macho matatu,
na tope lake usilioshe.
Udongo wa kwao uende nao, kama bi harusi na sanduku lake.

Hivyo nilitoka Balik Pulau hadi Ipoh
na kifurushi cha gazeti magotini,
kikivuja maji mekundu kwenye sketi yangu.
Mwanafunzi aliyekaa kando yangu alihama kiti.

Shimo liwe na kina cha kiganja, si zaidi.
Macho yatazame juu.
Tandaza majani makavu, makumbi ya nazi,
chochote kinachooza bila kelele.
Jua la asubuhi lipate, la mchana likingwe;
mimi nilitumia ukuta wa Bwana Letchumanan,
ambaye hakujua kwamba ukuta wake umeajiriwa.
Maji kila siku. Siku ya mvua pia:
"Mvua haikujui wewe," alisema Mama, "inapita tu."

Mwaka wa kwanza, majani.
Yalinipita mimi, yakaupita ukuta,
Letchumanan akaja kuuliza kama ninapanda migomba.
Mwaka wa pili, majani.
Nilipiga simu. Mama alikuwa sokoni,
nikasikia kisu chake kikigonga ubao.
"Ua la kantan halitoki kwenye majani, Rohaya.
Hutoka ardhini peke yake, mbali kidogo,
kama mtoto aliyegombana na ndugu zake.
Acha kutazama juu. Inama."

Nikainama.
Kidole cha waridi, kimetoboa makumbi.

Hapa lazima niseme jambo la nyumba yetu.
Miaka thelathini na moja Mama ameuza matumba ya kantan
kwa wapishi wa laksa, wanaoyakata membamba kama kucha
juu ya supu ya samaki na ukwaju.
Likifunguka ni hasara. Petali hukakamaa, harufu hukimbia,
Khoo Mdogo hulirudisha na kusonya.
Basi lilikatwa kabla. Kila mara, alfajiri,
kwa kisu cha mpini wa bluu.
Sare zetu za shule zilishonwa kwa maua yasiyofunguka.
Nikiwa kidato cha tatu nilimwambia, nikijifanya msomi,
"Mvumilivu hula mbivu."
"Tumba," alijibu, "huliwa bichi."

"Mama, limenifika kiunoni. Nilikate lini?"
"Jana."

Sikukata.

Lilianza chini, petali za nje zikalala chali
moja baada ya nyingine, nzito, kama zimepakwa nta;
za ndani zikabaki zimeshikana
kama watu wanaosubiri habari.
Sisimizi wakahamia.
Chozi akaja, ndege, si la jicho,
akachomeka mdomo wake uliopinda, akaondoka na deni.

Jumamosi Mama alifika,
kisu kwenye mkoba, amekifunga kwa taulo.
Alilizunguka ua mara mbili.
"Ringgiti mbili zimepotea," alisema.
Kisha akageuza ndoo, akakaa.
Letchumanan alichungulia ukutani na salamu;
hakuna aliyeitikia.
Nilileta chai. Ikapoa. Ikaingia mdudu.
Alikuwa ameinamisha uso karibu kabisa,
miwani juu ya kichwa, akihesabu kitu kwa midomo.
"Kumbe yana ukingo wa njano, haya madogo ya ndani."
Akagusa kimoja kwa ncha ya ukucha
uliopasuka kwa miaka ya kukata.
"Hakuna aliyeniambia."

Jioni aliona tumba lingine nyuma ya pipa,
ambalo mimi, mwenye shamba, sikuwa nimeliona.
Akalikata bila kuniuliza.
Tulilila na wali, bichi,
membamba kama kucha.